Mitungi ya Chuma, na Nani Aichague



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita lilitolewa shauri kwamba chama kiwaandikie matajiri wote wa kazi ya kuzamia, tangu Lamu mpaka Shimoni, kuwaambia ya kuwa mitungi ya chuma haitakiwi tena, na kwamba mfanya kazi asijaze wala asibebe mtungi wowote ila wa alumini. Shauri lile lilipigiwa makofi mengi. Sisi tunaoandika karatasi hii hatukupiga makofi. Wengine walituuliza kwa nini, na wengine hawakuuliza bali walinung'unika ati tumekuwa watu wa matajiri. Tumeona afadhali tujibu hapa, mbele ya wote.

Kisa kilichozaa shauri hilo mwakijua. Tajiri mmoja alinunua mitungi kumi na minane ya mkono wa pili, nayo ikafika imepakwa rangi mpya ya manjano, inang'aa kama maembe. Kijana wetu wa kompresa akaambiwa aijaze yote kufikia baa 200 kabla ya mashua ya asubuhi. (Baa ya kupimia hewa, ndugu, si ile ya kunywea.) Akajaza sita. Kwa ule wa saba akaona rangi ya begani imefunika maandishi, akaikwangua kwa kisu, na chini yake akasoma 3AA 2250, na tarehe ya kupimwa iliyokuwa ya miaka kumi na mmoja nyuma. Akazima kompresa. Akaitwa mharibifu wa mali, na bei ya rangi ikakatwa katika mshahara wake.

Fedha zile zimerudishwa baada ya katibu kwenda kuongea. Lakini tuulizane: ubaya wa mtungi ule ulikuwa nini? Watu walisema, "Ni chuma, chuma huliwa na kutu." Sisi twasema ubaya ulikuwa kwamba hakuna aliyesoma bega lake tangu uliponunuliwa mpaka ulipofika mkononi mwa mtu wa mwisho na mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Kama ungekuwa wa alumini na haukusomwa, hatari ingekuwa ile ile.

Tuanze na hesabu, maana kijana yule aliifanya peke yake, kichwani, usiku. Nambari 2250 ni kipimo cha Kimarekani, pauni kwa kila inchi ya mraba. Kwa kipimo chetu ni baa 155. Tajiri alitaka 200. Yaani kila mtungi katika ile sita ulitiwa baa 45 zaidi ya haki yake, nao haujapimwa miaka kumi na mmoja. Na mwenye kudhani kwamba hewa ni hewa tu, na afikiri hivi: mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 umebana ndani yake nguvu inayokaribia ya gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Gari hilo limesimama kando ya goti lako, mara arobaini kwa siku. Mgeni anayelipa hukaa nalo saa moja, akarudi hotelini.

Sasa, juu ya chuma chenyewe. Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walipotengeneza chombo chao cha kupumulia majini mwaka 1943, mitungi yao ilikuwa ya chuma. Marekani, mitungi ya chuma ya miaka ya 1950 na 1960, ile iliyoitwa "sabini na mbili" kwa futi za hewa iliyobeba, ipo hata leo inayopimwa na kushinda. Umri wake wapita umri wa wengi wetu. Alumini nayo ina aibu yake: kuna aina ya mchanganyiko, nambari 6351, iliyokuwa ikipasuka shingoni polepole, na watengenezaji wa Marekani waliokuwa wakiitumia waliiacha mwishoni mwa miaka ya 1980. Mitungi ya namna hiyo haikutoweka duniani siku ilipoachwa. Tukipiga marufuku chuma na kufungua mlango kwa kila kitu cha alumini, tutaletewa hiyo.

Kwa hiyo neno letu si "chuma hapana". Neno letu ni kwamba mtungi usiosomeka usijazwe, na kwamba mtungi ukinunuliwa, mwenye kuujaza na mwenye kuubeba wawepo wakati wa kuuchagua. Matajiri wangependa zaidi shauri la kwanza. Hilo huwapa nafasi ya kusema, "Haya, tumewaletea alumini, nyamazeni."

Watu husema mfanya kazi hawezi kusoma bega la mtungi kwa kuwa maandishi ni ya kizungu. Huo ni upuzi. Hakuna hadithi pale. Ni herufi chache na nambari chache, zimegongwa kwa nyundo katika chuma, na anayeweza kusoma nambari ya matatu ataweza kuzisoma. Tuyaeleze basi.

Kwanza jua umeshika nini. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikinata, ni chuma. Isiponata, ni alumini. Rangi haisaidii. Mitungi mingi ya chuma ina kitako cha mviringo kama yai, na ndiyo sababu huvikwa kiatu cha mpira au plastiki ili isimame. Alumini kwa kawaida ina kitako bapa. Ukigonga mtungi wa chuma mtupu kwa ukucha wa chuma utalia kama kengele. Lakini sumaku ndiyo shahidi, hayo mengine ni dalili.

Halafu bega, yaani pale mwili unapopinda kwenda shingoni. Mtungi wa Marekani utaanza na DOT, au ukiwa mkongwe sana, ICC, maana kabla ya Wizara ya Uchukuzi yao kushika kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa tume nyingine. Baada yake huja 3AA, ambayo ni chuma kilichochanganywa na kromi na molibidenamu, au 3A, chuma cha kawaida zaidi. 3AL ni alumini. Nambari inayofuata ndiyo kipimo cha kujaza. Kisha nambari ya mtungi wenyewe, alama ya mtengenezaji, na tarehe ya kupimwa mara ya kwanza: mwezi, alama ya mpimaji, mwaka. Kila upimaji wa baadaye huacha tarehe yake. Ukiona alama ya kujumlisha (+) baada ya tarehe, maana yake mpimaji ameruhusu sehemu moja katika kumi juu ya kipimo: 2250 ikawa 2475, yaani baa 171. Hata hiyo si 200. Na alama hiyo hufa na tarehe yake. Upimaji ukipita muda, au upimaji mpya usipoigonga tena, hakuna nyongeza.

Mtungi wa Ulaya husomeka kwa urahisi zaidi, ila una mtego mmoja, na hapa twaomba wajazaji wote wasimame kidogo. Wazungu wa Ulaya hugonga vipimo viwili. Kimoja ni cha kazi, kwa mfano 200 au 232. Cha pili ni cha kupimia, nacho ni cha kwanza na nusu yake: 300 au 348. Tumemwona mtu mzima, fundi mwenye miaka mingi, akisoma 300 na kusema, "Huu ni wa mia tatu," huku akielekea kufungua bomba. Haukuwa wa 300. Mtungi wa 300 kwa kweli umegongwa 450 kando yake. Basi ukiona vipimo viwili, kikubwa si chako. Kikubwa ni cha mpimaji, naye hukitumia kwa maji, siyo hewa. Ukiona kimoja tu, na herufi ni za Kimarekani, hicho ndicho cha kazi.

Ulaya pia hugonga lita, na kilo za mtungi mtupu bila valvu. Wengi hupita kilo hizo bila kuzitazama. Zitumieni! Mtungi ulioliwa na kutu umepungua. Toa valvu, weka kwenye mizani ya duka la samaki, linganisha. Upungufu wowote wa maana ni sababu ya kuupeleka kwa mpimaji, hata kama nje unang'aa.

Jambo la shingo ni zito kuliko yote, na tunalisema polepole. Kuna meno ya namna mbili yanayofanana sana kwenye shingo za mitungi. Moja ni la milimita, limeandikwa M25 x 2. Jingine ni la inchi, robo tatu. Mtu atasema robo tatu ya inchi ni milimita 19, basi ni dogo kuliko 25. Sivyo. Hiyo robo tatu ni jina la bomba tu. Upana wake hasa ni milimita 26 na kidogo. Kwa hiyo valvu ya M25 huingia katika shingo ya robo tatu. Huingia, huzunguka, hata hukaza, lakini imeshika ncha za meno tu. Itavumilia hewa kidogo. Itavumilia pengine kujazwa mara moja. Siku itakayochoka itaruka kama risasi ya mzinga, na aliyeinama juu yake ni mjazaji. Valvu ya robo tatu haiingii katika shingo ya M25, kwa hiyo hatari ni ya upande mmoja tu, lakini huo mmoja umekwisha kuua watu katika nchi za watu. Mitungi ikichanganywa ya Marekani na ya Ulaya katika ghala moja, na valvu zikatolewa zote kuoshwa katika ndoo moja, basi mtego umetegwa tayari. Valvu na shingo zote mbili sharti ziwe na maandishi yanayosomeka na yanayolingana. Valvu isiyo na maandishi itiwe geji, au itupwe.

Juu ya kutu, wenzetu wa alumini wana haki kidogo. Ukuta wa mtungi wa chuma ni mwembamba, milimita nne au tano hivi, na wa alumini ni mara mbili ya huo au zaidi. Shimo dogo la kutu ambalo kwenye ukuta mnene si kitu, kwenye mwembamba ni jambo. Na bahari yetu ni ya moto na ya chumvi. Kutu ya nje hupenda kujificha ndani ya kile kiatu cha plastiki, kwa kuwa maji ya chumvi hukaa humo hayakauki. Tumevua viatu ambavyo havikuvuliwa tangu mtungi uliponunuliwa, na kilichotoka chini tusikieleze kwa watu wanaokula. Mtungi uliopakwa zinki, kama bati la nyumba, hudumu zaidi kuliko uliopakwa rangi peke yake. Uchagueni huo.

Kutu ya ndani huletwa na maji. Maji huingia wakati mzamiaji amemaliza hewa yote mpaka sufuri, au kompresa haikumwagwa maji yake. Na kuna jambo ambalo si kila mtu alijua katika mkutano: kutu hula hewa. Ule upande wa hewa unaotuweka hai, oksijeni, ndio kutu inaotumia. Mtungi wa chuma wenye maji ndani, uliojazwa na kuachwa ghalani msimu mzima wa mvua, waweza kuwa na kipimo kizuri kabisa kwenye saa, na hewa yake isimfae mtu. Mzamiaji hataonywa na harufu wala na ladha, atalala tu. Kwa hiyo mitungi ya chuma iliyokaa miezi imwagwe na kujazwa upya, na katika kusi, wakati wageni hawapo, iwekwe na hewa kidogo tu ya kuzuia unyevu.

Dawa ya haya yote ni kufungua na kutazama ndani kwa taa, na kupimwa kwa maji. Marekani hupima kila miaka 5. Uingereza pia miaka 5, na katikati, kila miaka miwili na nusu, mtungi hufunguliwa ukatazamwa. Upimaji wenyewe si uchawi: mtungi hujazwa maji, hutiwa ndani ya pipa la maji, husukumwa kupita kipimo chake cha kazi, na hutazamwa umevimba kiasi gani na kama umerudi ulivyokuwa. Usiporudi vizuri, umechoka. Sisi twataka kutazamwa ndani kila mwaka, kwa sababu ya joto na chumvi ya hapa. Tajiri atasema ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Rangi ya manjano pia ilikuwa gharama, na hakuna aliyelalamika.

Sasa kuchagua. Hapa ndipo twawaomba wabebaji watusikie, maana ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi, na tunadhani wamejipigia makofi ya hasara. Mtungi wa alumini wa kawaida wa Kimarekani, wa lita 11 na kidogo, mtupu una uzito wa kilo 14 hivi. Wa chuma wa lita 12 una uzito kama huo huo, pengine nusu kilo zaidi, na hubeba hewa zaidi kidogo. Lakini alumini ikikaribia kuisha hewa huelea, kwa hiyo mzamiaji huongezewa risasi ya kilo 2 hivi kiunoni. Risasi hiyo haiendi mashuani kwa miguu yake. Hesabuni wageni kumi na wawili, mizunguko miwili, ufuo wenye mawe wakati wa maji kupwa. Mtungi mzuri wa chuma ni rafiki wa mgongo wa mbebaji. Ule wa lita 15, hapana. Huo ununuliwe pale tu ambapo kazi yenyewe yautaka, na ubebwe na watu wawili au kwa gari la mkono.

Na mtu asituuzie mitungi iliyokuwa ya kuzimia moto, ikatolewa valvu na kupakwa rangi. Ni chuma, sumaku hunata, na pengine ni chuma kizuri, lakini ilitengenezwa kwa gesi nyingine na maandishi yake husema hivyo. Asituuzie pia mtungi ulioungua katika moto wa ghala, au uliochomwa rangi kwa tanuri. Moto huharibu ugumu wa chuma bila kuacha alama ambayo jicho huiona.

Matajiri hujibu kwamba ununuzi ni haki yao. Hatubishani juu ya fedha zao. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi aonapo hatari kubwa sharti amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Wala hawezi kumwadhibu kwa kusema. Kijana wa kompresa alifanya kile ambacho sheria yamtaka afanye, akakatwa bei ya rangi. Sheria hiyo hiyo yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi. Ni mahali pangapi kwenu pana kamati? Na pale ilipo, ni mara ngapi imeitwa kutazama kitu kabla hakijalipiwa? Sisi twajua jibu, nanyi mwalijua.

Kwa hiyo tumepeleka kwa kamati kuu shauri jingine badala ya lile la mwezi uliopita. Linasema mitungi yote, ya chuma na ya alumini, iandikwe katika daftari kwa nambari zake na tarehe ya kupimwa. Mtungi usiosomeka ufungwe valvu na kuwekwa kando. Na pakinunuliwa mitungi ya mkono wa pili, mjazaji mmoja na mbebaji mmoja waitazame kabla fedha hazijatoka, na kabla haijapakwa rangi. Litapigiwa kura mkutano ujao. Wenye kulipinga waje walipinge, tutawasikiliza.

Ile mitungi kumi na minane ingali imelala nyuma ya ghala, sita kati yake ikiwa bado na hewa ndani kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuimwaga. Tajiri amekubali wajumbe wawili wa chama waje kuisoma Jumamosi saa nane mchana. Ile sita itamwagwa kwanza, polepole, uwanjani, watu wakiwa mbali. Kijana wa kompresa atakuwapo, na atalipwa saa zake. Mwenye sumaku aje nayo, na mwenye kurunzi nzuri pia. Ya ofisi imekufa betri tangu Idi.